Korongo Mwenye Mataji Mawili

Picha iliingia kwenye simu ya Sylivia Kabugho asubuhi, mashine ikinguruma na vumbi la muhogo likimtanda usoni. Aliifuta skrini kwa upindo wa leso, akatazama, akatabasamu. Ilikuwa picha ya sarafu yake. Halafu tabasamu likamkauka, maana mkono ulioishika sarafu hiyo haukuwa wake.

Sylivia alikuwa na mashine ya kusaga mjini Kasese, nyuma ya soko. Wateja walimlipa kwa sarafu, na kwa miaka mingi alizipokea bila kuziangalia, mpaka siku alipopewa shilingi mia mbili isiyo na samaki. Upande mmoja ulikuwa na nembo ya taifa kama kawaida. Upande wa samaki ulikuwa mtupu, laini kama ukucha. Aliigeuza geuza siku nzima. Huko kiwandani sarafu hupigwa kwa mamilioni, zote sura moja, na bado hii ilikuwa imeponyoka na kosa lake, ikapita mikononi mwa watu wote wale hadi kumfikia yeye. Tangu hapo akawa haoni sarafu bila kuipindua. Alipata nyingine iliyopigwa upande upande, picha ikakatika nusu. Alipata moja ya shilingi mia, yenye picha ya ng'ombe, ambayo ukigeuza, ng'ombe anasimama kichwa chini. Alinunua kioo cha fundi saa, mizani ndogo na sumaku, akajiunga na kundi la wakusanyaji kwenye simu, na majirani wakampachika jina la Mama Sarafu Mbovu. Hakulichukia.

Malkia wa mkebe wake alikuwa korongo. Ilikuwa sarafu ya mia tano, ile yenye picha ya korongo mwenye taji, ambayo mtambo uliipiga mara mbili, pigo la pili likasogea kidogo, hivyo yule ndege akatoka na mataji mawili na midomo miwili. Sylivia aliikuta mwenyewe kwenye ufa wa saruji chini ya mashine. Alipokuwa akiichokonoa kwa bisibisi, bisibisi iliteleza ikaacha mkwaruzo mwembamba kutoka jichoni hadi shingoni. Aliulilia mkwaruzo ule kama mtu aliyeunguza nguo ya harusi.

Sasa aliikuza picha kwa vidole viwili. Aliyeituma alikuwa Hidayah, mkusanyaji wa Mbarara ambaye hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Chini ya picha alikuwa ameandika: "Hatimaye nimempata korongo wa mataji mawili!" Wengine walikuwa tayari wanampongeza. Mmoja akauliza, "Sylivia, kumbe ulikubali kuuza?"

Alizima mashine wateja wakiwa wamesimama, akakimbilia chumbani, akafungua mkebe. Korongo wake alikuwa palepale. Akaiweka simu kando yake, akatazama huku, akatazama huku. Mataji mawili, na mataji mawili. Mtambo wa kiwandani unaweza kurudia kosa lilelile kwa sarafu kadhaa, hilo alilijua. Lakini kwenye picha ya Hidayah, kutoka jichoni hadi shingoni, ulipita mkwaruzo mwembamba. Na mtambo wa kiwandani haukuwa na bisibisi yake.

Mtu alikuwa amemfinyangia ndege wake kalibu ya udongo, akaimwagia shaba iliyoyeyushwa.

Hakuhitaji kufikiri sana kumjua. Sarafu ile ilitoka nyumbani mara moja tu. Miezi michache nyuma aliikopesha kwa Tonny, kijana anayebadilisha pesa Bwera karibu na mpaka wa Kongo, ambaye humwekea sarafu za ajabu ajabu kila siku ya soko. "Mama, iko Mukongomani moja anataka kuiona na macho yake tu," Tonny alimwambia. Aliirudisha imefungwa kwenye karatasi safi, pamoja na soda ya kumshukuru. Sylivia akainywa soda, akasahau.

Kabla ya adhuhuri mtu wa Kampala naye akatuma picha ya korongo wake, na mwingine baada yake. Wote walikuwa na mkwaruzo uleule. Kundi likalipuka.

"Sylivia, tueleze."

"Muuzaji aliniambia zimetoka kwa Mama Sylivia wa Kasese."

"Mimi pia nimeambiwa hivyo!"

Sylivia akaandika, "Sijauza sarafu yoyote. Naapa." Aliyemjibu alikuwa mtu asiyemjua. "Kughushi pesa ya nchi ni jela, mama. Jina lako limeshapelekwa polisi."

Akaketi kitandani. Mezani palikuwa na kioo, mizani, sumaku, na mkebe wa sarafu zenye kasoro, na juu ya zote yule korongo, mama wa bandia zote. Askari akiingia sasa hivi angeona nini? Angeona hichohicho. Angeuliza jirani yeyote, naye angemwambia bila ubaya wowote: ndiyo, afande, huyu ndiye Mama Sarafu Mbovu.

Akampigia mumewe. Nobert alikuwa mwongoza watalii, na siku hizo alikuwa ametokea kijiji cha Nyakalengija, chini ya mlima, akapanda na wazungu, kwenye baridi ambako simu haishiki. Alipiga tena na tena huku akijua. Kisha akauchukua mkebe hadi mlangoni mwa choo cha shimo, akausimamisha juu ya tundu. Akaona kwamba akiutupa atakuwa ametupa sarafu halisi tu. Zile nyingine zingebaki huko nje zikitembea na jina lake. Akaurudisha mkebe ndani, akaufunika kwa gunia la pumba, akafunga mashine, akaenda Bwera.

Alimkuta Tonny kwenye meza yake ya mbao kando ya barabara iendayo mpakani, mabunda ya faranga na shilingi yakiwa yamefungwa kwa mipira. Kijana alipomwona alisimama upesi, na uso wake ukamsaliti kabla hajasema neno.

"Tonny, mwanangu," Sylivia alisema kwa sauti ya chini, "umenifanya nini?"

"Mama, usisemee hapa." Alitazama kushoto na kulia. "Twende kwa mwenyewe. Ataitengeneza hii maneno. Hapana kuogopa."

Baadaye Sylivia alijiuliza mara nyingi kwa nini alimfuata. Labda ni kwa sababu Tonny alikuwa amemwita mama kwa miaka, na miguu yake iliizoea sauti hiyo. Walipita nyuma ya maduka, wakashika kichochoro chenye maji ya sabuni, wakafika kwenye ua wa mabati. Tonny akagonga, lango likafunguliwa, wakaingia, na nyuma yake akasikia komeo likiteremka.

Ndani palikuwa na jiko la udongo lenye mvukuto wa kupuliza makaa, na jamaa mmoja akiupuliza. Kando yake palikuwa na rundo la mabomba ya maji yaliyong'olewa, kufuli mbovu na vipande vya rejeta za magari. Kwenye karai lililojaa mchanga laini, korongo kadhaa walikuwa wamelala wakipoa, kila mmoja na mataji yake mawili.

Mwanamume mmoja aliinuka kutoka kwenye kiti. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na hilo lilimtisha Sylivia kuliko kama angekuwa na panga.

"Bon. Mama Sylivia. Mimi niko Célestin. Kaa, mama, kaa. Muletee mama kiti."

Akakaa.

"Sitaki kitu," alisema. "Nataka tu mwache jina langu."

"Jina yako iko muzuri, mama. Bantu banaiamini." Célestin aliongea taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Njo maana tuliitumia. Lakini sasa banaanza kulalamika. Banasema iko kitu hapana sawa. Wewe uko na macho. Utuambie kosa iko wapi, tutengeneze. Na utuletee zingine za ku mukebe. Ile ya samaki, Tonny ameniambia."

"Mimi siwezi kazi hii."

"Mama." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Bwana yako iko ku mulima, hapana? Inakuwa siku mingi mutu akienda kule. Unalala wewe moja ku ile nyumba ya mashine."

Sylivia alimtazama Tonny. Tonny alikuwa anatazama viatu vyake. Basi hayo yote aliyasema yeye: mlima, nyumba, mkebe, mambo ambayo Sylivia alimsimulia akicheka, wakichambua sarafu pamoja kwenye ile meza ya mbao.

Célestin akamtilia korongo mmoja kiganjani. Sarafu ilikuwa na joto bado. Sylivia akaiinamia, akalazimisha macho yake yafanye kazi yaliyoizoea. Aliona vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Sarafu iliyopigwa na mtambo huwa haina vishimo vile. Aliona ukingo ulivyotuna mahali shaba ilipomwagiwa. Na aliona ule mkwaruzo wake, jichoni hadi shingoni, kosa ambalo watu hawa walilidhania ni unyoya.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hawajui. Na ndani ya woga wake, kama mtu anayeshika kamba gizani, akalishika hilo.

"Mlio," akasema. Aliidondosha sarafu kwenye jiwe, ikalia butu. "Ya kweli inalia kama kengele. Hii imekufa. Na ni nyepesi. Mnachanganya shaba na takataka."

"Tu?"

"Na hivi vishimo. Mchanga wenu ni mkubwa."

"Na picha? Picha iko sawa?"

"Picha iko sawa kabisa."

Célestin aliiokota sarafu, akaigeuza geuza. Nje, upande wa pili wa mabati, mwanamke alipita akiuza samaki kwa sauti, na Sylivia akatamani kupiga kelele. Jamaa aliyekuwa akipuliza mvukuto aliacha kupuliza.

"Abaki hapa," jamaa yule akasema. "Tutume mutu kuleta mukebe."

Célestin alionekana kulipima wazo hilo. Ndipo Tonny akaenda langoni akanyanyua komeo.

"Mama atarudi siku ya soko na mukebe," alisema, haraka haraka. "Mimi namujua. Akikosa kuonekana huko, majirani batauliza. Mashine yake inangojwa na bantu mingi. Twende, mama." Na alipokuwa akimsukuma nje kwa bega, alimnong'oneza bila kumtazama, "Kimbia, mama. Usirudi."

Sylivia hakukimbia. Alijua wanamtazama, na kama angekimbia miguu ingemsaliti. Alipita kituo cha polisi cha Bwera bila kugeuza shingo, kwa sababu pikipiki moja ilikuwa ikimfuata polepole, mwendeshaji akiwa na kofia iliyofunika uso mzima. Ilimfuata hadi alipopanda gari la Kasese.

Usiku ule hakufumba jicho. Kulipopambazuka alitoa mkebe chini ya pumba, akatia kioo, mizani na sumaku kwenye mfuko wa plastiki, akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe. Mlangoni alisimama, akarudi hadi barabarani, akarudi tena mlangoni. Kama kweli jina lake lilikuwa limeshafika humu, basi alikuwa amejileta na ushahidi mkononi.

Alipelekwa kwa mpelelezi mmoja, Afande Kato, mtu wa mbali aliyehamishiwa Kasese, mwenye Kiswahili cha kambini.

"Wewe mama! Kaa chini. Nini iko ndani ya mukebe?"

Alipoufungua, Afande Kato aliinuka akafunga mlango.

"Hii yote unatengeneza wewe?"

"Hapana, afande. Hizi nimeziokota. Ni za serikali, zilikosewa tu."

"Serikali inakosea pesa?" Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akatoa kwenye droo bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na korongo wa mataji mawili. "Hii imeletwa na mutu amelia. Anasema ni ya Sylivia Kabugho. Sylivia Kabugho ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi hapana leta hadithi mingi."

Lakini alimsikiliza. Sylivia aliongea akitazama mikono yake, kwa sababu kila alipomtazama afande maneno yalimpotea. Alizidondosha sarafu mbili mezani, yake na ya bahasha, zikalia sauti mbili tofauti. Alimpa kioo. Alimweleza ule mkwaruzo ulivyotokea, ufa wa saruji na bisibisi iliyoteleza, na kwamba hakuna mahali pengine duniani ungeweza kutokea mara ya pili. Afande Kato aliinamia kioo kwa muda, akipumua puani.

"Sawa," alisema mwishowe. "Hii inaonyesha zile zingine zimezaliwa na yako. Haionyeshi kama wewe si mama yao."

Akamwacha kwenye benchi la ukumbini siku nzima, bila simu, askari mmoja akimchunga. Watu aliowasagia muhogo wao walipita na shida zao, wakamwona, wakageuza macho. Kila buti lililogonga sakafu alidhani linamjia. Wazo moja halikumwacha: huko Bwera wanangoja, na huku hawamwamini. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na mahali pa kusimama.

Jioni Afande Kato alirudi. "Siku ya soko ni kesho. Utaenda na mukebe kama walisema. Sisi tutakuwa nyuma."

"Afande, wataniua."

"Ukikataa, mimi niko na wewe tu. Hiyo ndiyo kesi nitaandika."

Kesho yake Sylivia akaenda. Hata leo hajui alivukaje kile kichochoro. Anakumbuka maji ya sabuni, mkebe ukimgonga kifuani, na mkono wake ukigonga mabati. Lango likafunguka kidogo, jicho likatokea, na nyuma yake pakazuka kishindo na sauti, "Lala chini! Chini wote!" Mtu akampiga kikumbo, akaanguka kwenye tope, sarafu zikamwagika pande zote. Alijifunika kichwa. Alisikia mabati ya nyuma yakiraruka, miguu ikikimbia, mtu akilia kwa Lhukonzo, lugha ya huko, akimwita mama yake. Alipoinua uso alimwona Tonny amelala kifudifudi karibu naye, pingu mikononi, shavu likiwa kwenye tope lilelile. Macho yao yakakutana.

Mpuliza mvukuto alikamatwa pia. Célestin alikuwa ameruka ua wa nyuma, akateremka mtoni Lhubiriha, akavukia Kongo na shati lake jeupe. Polisi waliona alipokanyagia matope ng'ambo, basi.

Nobert aliposhuka mlimani na kusikia, alikasirika hadi akashindwa kula. Aliuliza kwa nini hakuutupa ule mkebe chooni, kisha akaonekana kujutia, akaleta godoro akalala mlangoni mwa mashine. Hidayah wa Mbarara aliandika kuomba radhi, na wengine wakamfuata. Sylivia aliwajibu kwa adabu, akatoka kwenye kundi. Polisi walibaki na mkebe kwa ajili ya kesi, na hakuuliza utarudi lini. Woga haukuondoka. Simu ililia mara kadhaa kwa namba ya Kongo. Akipokea, husikia mtu anapumua tu. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya mashine, yeye hurudi nyuma ya mlango kabla hajaangalia.

Siku moja kabla ya kesi, mwanamke mmoja mzee aliingia na beseni la muhogo mkavu kichwani. Alilitua, akaomba asagiwe. Sylivia aliwasha mashine. Mwanamke hakuondoka kuketi nje na wengine. Alisimama karibu, akimtazama usoni.

"Mimi naitwa Ithungu. Nimetoka Bwera," alisema, mashine iliponyamaza. "Mimi ndiye nilimzaa Tonny."

Unga ulimwagika chini. Sylivia alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alitazama mikono ya yule mama, kama ina kitu. Ilikuwa mitupu, imepasuka kwa jembe.

"Usiniogope," Ithungu alisema. "Sikuja na ubaya. Mutoto alikosa, najua. Kesho utasema yote aliyofanya. Nimekuja kukuomba kitu moja. Kama iko neno moja nzuri alikufanyia, na hiyo usiifiche."

Sylivia akainama, akaukusanya unga uliomwagika, akaupepeta, akautia kwenye beseni la mama yule, akamsaidia kujitwika.

Kesho yake kortini alisimama mbele ya watu. Alisema habari za sarafu aliyokopesha, za ua na jiko, na za maneno ya Célestin. Sauti yake ilikuwa nyembamba mpaka hakimu akamwambia aongeze. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba walitaka kumzuia kule ndani, na kwamba aliyenyanyua komeo akamtoa alikuwa Tonny. Wakili wa serikali alijaribu kumkatiza. Akalirudia kwa nguvu zaidi. Tonny alifunika uso. Alifungwa, lakini miaka michache kuliko yule mpuliza mvukuto.

Nje ya korti palijaa watu, na Sylivia alizitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine, akitafuta shati jeupe. Hakuliona. Akamshika Nobert mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na hakumwachia mpaka walipofika nyumbani.